Feni ya laptopu imejaa vumbi: nipulize kwa nje au nifungue?

Swali: Laptopu yangu ina miaka minne. Siku hizi feni inavuma kwa nguvu hata ninapoandika barua tu, chini inachemka kiasi kwamba siwezi kuiweka mapajani, na mara nyingine inajizima katikati ya kazi. Rafiki mmoja ananiambia niweke mdomo wa mashine ya kufyonza vumbi kwenye matundu ya hewa. Mwingine anasema nipulize kwa kopo la hewa bila kufungua chochote. Sijawahi kufungua kompyuta. Njia ipi ni salama, na nitajuaje kama tatizo kweli ni vumbi?

Jibu: Huyo wa kopo la hewa amekaribia; wa mashine ya kufyonza usimsikilize. Ila wote wawili wanadhani vumbi linalokusumbua liko pale unapoliona, kwenye matundu. Haliko hapo, na ukishajua liko wapi hasa utaelewa mwenyewe kwa nini kupuliza kwa nje hukupa nafuu ya muda mfupi, na wakati mwingine hukuachia tatizo jipya.

Feni ya laptopu ni bapa. Huvuta hewa kwa katikati yake, kupitia matundu ya kifuniko cha chini, halafu huitupa ubavuni. Hapo ubavuni, karibu kabisa na mapanga yake, kuna safu ya mapezi membamba ya shaba au alumini yaliyopangwa kama meno ya kitana, na nafasi kati ya pezi na pezi ni ya kama milimita moja tu. Bomba bapa la shaba huchukua joto la prosesa, chipu kuu inayofanya kazi za kompyuta, na kulileta kwenye mapezi hayo. Hewa hupita kati yao, hubeba joto, kisha hutokea kwenye tundu la pembeni au la nyuma karibu na bawaba.

Vumbi laini peke yake lingepita hapo bila shida. Kinacholizuia ni nyuzi: za nguo, za mablanketi, nywele, manyoya ya paka. Uzi mmoja hukingama mlangoni mwa mapezi, upande wa ndani unaotazama feni, mwingine hushikana nao, kisha vumbi laini hujaza mianya. Mwisho panakuwa na utando wa kijivu uliofumana kiasi kwamba ukiushika kwa kibano unatoka mzima, na alama za mapezi zimechapika upande wake mmoja. Feni inazunguka kwa nguvu zote ikisukuma hewa kwenye ukuta. Nawe ukimulika tochi kwa nje, kwenye tundu la kutolea hewa, utaona mapezi yanang'aa na utaapa kwamba ndani hakuna kitu.

Kwa hiyo ukipuliza kupitia matundu ya chini, unaukandamiza utando huo uzidi kubana kwenye mapezi. Ukipuliza kupitia tundu la pembeni, unaung'oa na kuurudisha ndani ya feni, ambako hauna pa kutokea. Kipande kikiingia kati ya mapanga na ganda la feni, unaanza kusikia mkwaruzo ambao haukuwepo. Mara nyingi utaona nafuu, kwa sababu njia imefunguka kidogo, halafu feni yenyewe inausukuma ule utando hadi mahali pake pa zamani.

Kabla ya kushika bisibisi, hakikisha kwanza kwamba mgonjwa ni feni. Wakati inavuma kwa nguvu, weka kiganja kwenye tundu la kutolea hewa. Hewa ikitoka nyingi na ya moto, njia ni wazi, na huenda kompyuta ina kazi kubwa inayoifanya bila wewe kujua. Hewa ikiwa hafifu, ya uvuguvugu tu, ilhali tumbo la laptopu linaunguza, hapo pameziba. Kisha tazama ni programu gani zinazotumia prosesa. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Ukikuta kivinjari chenye kurasa nyingi au programu ya kusaka virusi imekalia sehemu kubwa ya prosesa, feni inafanya wajibu wake na hakuna brashi itakayoinyamazisha.

Pima na joto. Kwenye Windows iko programu ya bure iitwayo HWiNFO. Kwenye Linux kuna lm-sensors. Laptopu iliyotulia, bila kazi nzito, kwa kawaida huwa kwenye nyuzi 40 hadi 55 za Selsiasi. Prosesa nyingi hujipunguzia kasi zenyewe zikikaribia nyuzi 95 hadi 100, na joto likizidi hapo kompyuta hujizima ili isiungue, kama inavyokufanyia wewe. Ukiona nyuzi 70 na zaidi wakati hufanyi lolote na feni inapiga kelele, vumbi ni mshukiwa wa kwanza. Andika namba hizo mahali, za kupumzika na za kazini, kwa sababu bila kuzilinganisha baadaye hutajua kama usafi umesaidia au ni masikio yako tu yanayokudanganya.

Sikiliza pia aina ya kelele. Mvumo wa hewa ni dalili ya joto. Mkwaruzo, mlio wa kutetereka, au sauti inayobadilika ukiiinamisha laptopu ni dalili ya beringi iliyochoka, yaani kile kitovu ambamo feni huzungukia, na hiyo dawa yake ni feni mpya. Watu huijaza mafuta ya kupuliza wakafurahia ukimya wa siku chache; mafuta hayo hukamata vumbi na baadaye huganda, feni ikawa mbaya kuliko ilivyokuwa.

Laptopu nyingine hazina feni kabisa. MacBook Air zenye chipu ya M1, zilizotoka mwaka 2020, ni mfano. Na ikiwa kompyuta yako bado ina dhamana, soma masharti yake kabla ya kugusa skrubu hata moja.

Sasa ile mashine ya kufyonza. Hewa yenye vumbi ikipita kwa kasi kwenye mdomo wa plastiki huzalisha umemetuli, ule umeme wa msuguano, na cheche ambayo wewe huisikii kidoleni inatosha kuua chipu kwenye ubao mama, ubao mkubwa unaobeba chipu zote. Hatari ya pili ni ileile ya kopo la hewa: feni kuzungushwa kupita kiasi. Feni hizi kwa kawaida huzunguka maelfu machache ya mizunguko kwa dakika, na beringi yake ndogo hutegemea utando mwembamba wa mafuta. Hewa kali inaweza kuizungusha mbali zaidi ya hapo. Ule mlio mwembamba wa kupanda ambao watu huufurahia wakipuliza feni ndio sauti ya beringi ikiumia. Tena mota inayozungushwa kwa nguvu ya nje hugeuka jenereta na inaweza kurudisha umeme kwenye ubao. Kwa hiyo njia yoyote utakayochagua, sharti ni moja: mapanga yashikiliwe yasizunguke. Kijiti cha meno kinatosha.

Kama umeshaamua kwamba hufungui, fanya hivi. Izime kabisa, chomoa chaja, na kama betri inatoka kwa nje, itoe. Iache ipoe. Tafuta tundu la chini linaloonyesha feni, ingiza kijiti cha meno taratibu hadi kizuie panga. Shika kopo likiwa wima, sentimita 10 hivi kutoka kwenye tundu la pembeni, puliza kwa mikupuo ya sekunde moja, kisha geuza na upulize kidogo kwa chini, ukiiinamisha laptopu ili kilichong'oka kidondoke. Fanya hivyo penye hewa, mbali na moto, kwa kuwa gesi ya makopo mengi huwaka. Ukiliinamisha kopo au kulitikisa, hutoka kimiminika cha baridi kali kinachoacha barafu juu ya vyuma, na barafu hiyo ikiyeyuka ni maji. Huo wote ni msaada wa kwanza. Kwa laptopu ya miaka minne inayojizima, mimi ningefungua.

Kufungua si uchawi, ila modeli hazifanani. Tafuta kwanza mwongozo wa matengenezo wa modeli yako hasa. Kampuni kama Dell, HP na Lenovo huweka miongozo hiyo wazi kwenye tovuti zao kwa modeli nyingi, na ndani yake kuna picha za kila skrubu. Modeli huandikwa chini ya kompyuta. Usitegemee video ya laptopu "inayofanana nayo".

Utahitaji bisibisi ndogo ya msalaba namba 0 au 00 (baadhi ya laptopu hutumia skrubu za nyota), kadi ngumu ya plastiki isiyo na kazi, brashi laini kavu, kibano, vijiti vya pamba, na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Ile ya asilimia 70 ina maji mengi. Inafaa kufutia kioo cha meza kuliko ubao mama.

Zima kompyuta kikamilifu. Kwenye Windows, shikilia Shift wakati unabofya kuzima, maana uzimaji wa kawaida mara nyingi huacha mfumo umelala nusu ili uwake haraka. Chomoa chaja na kila kilichochomekwa. Fanyia kazi kwenye meza tupu, si juu ya zulia wala kitanda; usivae sweta la sufi au nailoni; na kabla ya kugusa chochote ndani, gusa kwanza chuma kisichopakwa rangi. Rudia kila unaponyanyuka na kurudi.

Skrubu ndizo zinazowaangusha wengi, kuliko umeme. Katika kifuniko kimoja zinaweza kuwa za urefu wa aina mbili au tatu. Ukiweka ndefu kwenye tundu la fupi, ncha yake inaweza kutokea upande wa kibodi au kutoboa ubao. Chora umbo la laptopu kwenye karatasi, na kila skrubu unayoitoa ichomeke mahali pake kwenye mchoro. Kifuniko kikigoma baada ya kutoa zote, usitumie nguvu. Kuna skrubu imejificha chini ya mguu wa mpira au chini ya kibandiko. Nyingine hazitoki kabisa; hulegea tu na kubaki kwenye kifuniko.

Pitisha ukingo wa kadi kwenye mshono, usukume taratibu mpaka usikie vibanio vikiachia kimoja kimoja. Mlio wa "tak" ni wa kawaida. Mlio wa kupasuka si wa kawaida, rudi nyuma utazame ulichosahau. Kifuniko kikiachia kote, kinyanyue kidogo tu kwanza na uchungulie, kwani katika baadhi ya modeli kuna waya mwembamba unaokiunganisha na ubao, na ukikinyofoa kwa haraka unaung'oa pamoja na soketi yake.

Kitu cha kwanza ukishaona ndani ni betri. Kama imevimba, umbo lake limetuna, acha hapohapo, usiiminye wala kuichokonoa. Hiyo ni kazi ya fundi na haisubiri. Kama iko sawa, chomoa kiunganishi chake kwenye ubao kwa kucha au kipande cha plastiki, kamwe si kwa bisibisi. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama 15 ili umeme uliobaki uishe. Kuanzia hapo uko salama zaidi kuliko kazi yote iliyotangulia.

Sasa tazama feni imekaaje, maana hapa ndipo unapoamua kuendelea au kusimama. Katika laptopu nyingi feni imeshikwa na skrubu zake mbili hadi nne na inatoka peke yake, mabomba ya shaba yakibaki yalipo. Hiyo ni bahati yako. Katika nyingine feni na mabomba ni kitu kimoja, na huwezi kuitoa bila kulegeza zile skrubu zenye springi zilizo juu ya prosesa, mara nyingi zimeandikwa 1, 2, 3, 4. Ukizigusa hizo, umevunja tabaka la pasta inayopitisha joto kati ya prosesa na shaba, nalo halirudishwi. Ni lazima ufute la zamani na upake jipya. Kama huna pasta mkononi, usizilegeze. Angalia badala yake kama ganda la juu la feni lina skrubu ndogo zake. Mara nyingi likitoka, unaufikia ule utando bila kugusa kingine.

Waya wa feni huishia kwenye kiunganishi kidogo kuliko punje ya mchele. Usivute waya. Kitikise kiunganishi chenyewe, upande huu kidogo na ule kidogo, kwa ncha ya kijiti, mpaka kiteleze nje. Soketi ikivunjika hapo, feni haina pa kuchomeka, na kuibadilisha kunahitaji fundi wa kulehemu.

Mara nyingi kuna kipande cha tepu nyeusi kinachofunika pengo kati ya feni na mapezi. Kibandue taratibu na ukitunze. Watu wengi hukitupa wakidhani ni takataka. Kazi yake ni kuzuia hewa isivuje ndani ya laptopu badala ya kupita kwenye mapezi. Bila hicho, utakuwa umesafisha kila kitu na joto libaki juu.

Ukishatoa feni, utando utauona. Usiupulize. Ushike kwa kibano uutoe mzima, taka zikiwa chache iwezekanavyo ndani ya kompyuta. Mabaki yasugue kwa brashi kufuata mstari wa mapezi, si kuyakata, kwa sababu chuma chake ni laini na kikipinda kimefunga njia ya hewa. Sasa ndipo kopo la hewa linapofaa, ukipuliza kutoka ndani kwenda nje. Mapanga yafute moja moja kwa kijiti cha pamba kilicholowekwa kidogo kwa alkoholi, pande zote mbili, kidole kikishikilia kitovu. Kitovu chenyewe usikiloweshe, maana beringi na mafuta yake viko humo. Kama mtu huvuta sigara karibu na kompyuta hiyo, vumbi litakuwa la kunata na litakula vijiti vingi.

Kompresa ya gereji iache gereji. Hutema matone ya maji na mafuta, na shinikizo lake ni kubwa mno. Kikausha nywele hupuliza hewa ya moto na kupeperusha vumbi lilelile ndani. Kupuliza kwa mdomo ni mate.

Acha alkoholi ikauke kwa dakika kadhaa. Rudisha feni, kiunganishi chake, ile tepu, na betri iwe ya mwisho. Kabla ya kukaza skrubu zote za kifuniko, kiweke tu juu na uwashe. Isipowaka usishtuke: baadhi ya laptopu zilizochomolewa betri haziamki mpaka uchomeke chaja, na saa inaweza kuwa imerudi nyuma. Ukiona ujumbe kuhusu feni, kama 90B kwenye HP au Fan error kwenye Lenovo, kwanza shuku kiunganishi hakijaingia hadi mwisho. Zima, chomoa chaja na betri tena, kisukume kiingie.

Pima joto kwa kazi zilezile ulizopima mwanzo. Likishuka vizuri, funga skrubu na urudi kwenye barua zako. Kama njia ya hewa ni safi, feni inazunguka, na joto bado linapanda hadi kwenye 90 na kitu kwa kazi ndogo, basi pasta ya prosesa imekauka, jambo la kawaida kwa laptopu ya miaka minne. Kuipaka upya si kazi ngumu kwa aliyekwisha kufungua mara moja, lakini soma mwongozo kwanza. Laptopu chache za michezo hutumia metali kimiminika badala ya pasta. Hiyo hupitisha umeme, na tone moja likidondoka mahali pabaya limeua ubao. Hizo mpelekee fundi.

Usafi unaofuata hauna tarehe maalumu. Nyumba yenye paka au mazulia inaweza kuhitaji kila miezi sita, chumba kisafi kikakaa mwaka na zaidi. Laptopu inayotumiwa kitandani, matundu yakiwa yamezama kwenye shuka, huziba mapema kuliko zote. Pima joto kila baada ya miezi michache. Likiwa limepanda nyuzi 10 kwa kazi ileile, utando umeanza kujifuma upya.